Karatasi zifanywe muzee akiwa bado anasema

Maneno haya yalisemwa Aveba, kwenye mkutano wa wanachama. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa ajili ya wafadhili wetu walioomba kujua kazi yetu na wazee inaendaje.



Tutaanza na kosa letu. Msimu wa mvua uliopita, muzee mmoja alikuja mezani petu mara tatu. Wengi wenu mlimjua, lakini jina hatutalitaja. Alitaka twende naye mashambani, awaonyeshe wajukuu na majirani mahali mipaka inapita. Baada ya kukimbia na kurudi, kukimbia na kurudi, ni yeye tu aliyebaki akikumbuka vizuri. Miti ya mpaka ilikatwa kuni. Nyumba zilizokuwa alama zilichomwa. Mara ya kwanza tulimwambia, pikipiki iko Bunia. Mara ya pili tulimwambia, fomu zimeisha. Mara ya tatu tulimwandika kwenye orodha ya miezi mitatu inayokuja. Ile miezi hakuifikia.

Leo familia tatu zinagombana juu ya lile shamba, na kila familia inasema, "Muzee alisema hivi." Sisi tulikuwa na kalamu. Yeye alikuwa na maneno. Hatukuviweka pamoja. Ndiyo sababu leo hatukuja kuwafundisha tu. Tumekuja pia kuwaomba radhi, na kuwaeleza namna gani tunataka kufanya kazi tangu sasa.

Jambo tunalotaka mrudi nalo nyumbani ni moja. Karatasi ya muzee ifanywe akiwa hai, akiwa anaona, akiwa anasema. Akisha kufa, karatasi hiyo hiyo itafanywa kwa bei ya juu, na watu watakuwa wamekwisha kuchukiana.

Sisi waliorudi tunalijua jambo hili kuliko wengine. Wakati wa vita vya 2002 na 2003, na katika kukimbia kulikofuata, watu walibeba mtoto, sufuria na godoro. Karatasi zilibaki ndani ya nyumba. Mkataba wa amani uliposainiwa Gety tarehe 28 Februari 2020, wengi walisema, sasa turudi tulime. Tulirudi, tukalima. Lakini tulirudi bila karatasi ya kuzaliwa, bila ya ndoa, bila ya shamba.

Kuko mfano hapa karibu, na tunautoa bila nia ya kufungua vidonda vya mtu yeyote. Bogoro ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa amri ya fidia tarehe 24 Machi 2017, yaani miaka 14 baadaye. Maombi 341 yalichunguzwa, moja moja. Watu 297 ndio walikubaliwa. Katika kazi ya namna ile mtu anaulizwa: uliishi wapi, huyu marehemu ni nani kwako, nini kinaonyesha? Ndani ya miaka 14, muzee aliyeweza kujibu amekwisha kuzikwa. Kwa hiyo msiseme "karatasi itanisaidia nini leo?" Swali linaweza kuja wakati wewe haupo, na mjukuu wako ndiye atakayesimama kujibu.

Sasa tuingie ndani ya mambo yenyewe.

Kwanza, jina lako. Wazee wengi hapa wana karte ya uchaguzi tu, na kwa sasa hiyo ndiyo inatumika kama kitambulisho. Ni vizuri, lakini karte nyingi zimefutika wino, hata picha haionekani tena. Piga fotokopi wakati bado inasomeka, uweke mbili, moja kwako na moja kwa mtoto anayekaa mahali pengine. Tena angalia jina. Tumekuta muzee mwenye majina matatu: moja kwenye karte, lingine kwenye karatasi ya kanisa, lingine kwenye kitabu cha kazi. Siku ya kudai haki, Leta itasema hawa ni watu watatu.

Na wajukuu pia. Wengi wenu mnalea watoto ambao wazazi wao walikufa au walipotea. Mtoto akizaliwa, kumwandikisha ndani ya siku 90 ni bure. Siku hizo zikipita, inatakiwa uamuzi wa tribinali, na hapo kuna safari na gharama. Mjukuu asiye na karatasi ya kuzaliwa hawezi kuonyesha kwamba yeye ni mtoto wa mtoto wako. Mtaona mbele kidogo kwa nini hilo ni zito.

Wengine wanatuuliza, tribinali zinafanya kazi kweli, kama jimbo liko chini ya wasimamizi wa kijeshi tangu Mei 2021? Zinafanya. Kesi za jinai ndizo zilipelekwa kwa mahakama za kijeshi. Mambo ya urithi, ndoa na kuzaliwa yalibaki kwa tribinali za kiraia.

Pili, ndoa. Hapa mama zetu watusikilize sana. Kodi ya familia ya Kongo, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inatambua ndoa ya kimila. Lakini inataka iandikishwe kwa afisa wa eta sivili, ndani ya mwezi mmoja baada ya sherehe. Wangapi hapa wameandikisha? Mlitoa mbuzi, mlitoa jembe, familia mbili zilikula pamoja, mkasema imekwisha. Kwa mila imekwisha. Kwa Leta bado. Kama mlioana zamani na hamkuandikisha, njooni pamoja na mashahidi wa siku ile wanaoishi bado. Kila mwaka mashahidi hao wanapungua.

Mama mmoja alitueleza maneno aliyoambiwa na shemeji yake siku ya tatu ya matanga: "Wewe ulikuwa mgeni wa ndugu yetu." Aliishi na yule mume miaka zaidi ya 30. Alizaa naye watoto sita. Mgeni! Tulitafuta mashahidi wa ndoa, tukampata mmoja tu, muzee kipofu anayekaa upande wa Bukiringi. Yule kipofu ndiye aliyemwokoa. Alitaja mbuzi mmoja mmoja, na rangi zao.

Tatu, urithi. Tunaomba msikilize polepole, sababu watu wengi wanasema sheria haipo, na ipo. Kodi ya familia inawapanga warithi. Kundi la kwanza ni watoto: waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa nje lakini baba aliwatambua akiwa hai, na wale wa kupokelewa kisheria. Wasichana na wavulana wako sawa. Kundi la pili ni mke au mume aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Watoto wanapata robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ni ya kundi la pili.

Tuchukue mfano. Muzee ameacha watoto wanne, lakini mmoja alikufa vitani na kuacha watoto wawili. Zile robo tatu zinagawiwa mafungu manne, siyo matatu. Fungu la aliyekufa linaenda kwa watoto wake wawili. Hiyo ndiyo sababu tulisema karatasi ya kuzaliwa ya mjukuu ni nzito. Bila ile karatasi, wajomba na baba wadogo watasema, "Hawa ni nani?" Na fungu la yatima litaliwa.

Na mjane je? Kabla ya kugawa chochote, sehemu yake katika mali waliyoipata pamoja inatengwa kwanza, kwa sababu ile si urithi, ni yake. Tena sheria inampa haki ya kukaa ndani ya nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake, na kutumia nusu ya shamba lililo karibu na nyumba ambalo walikuwa wakililima. Haki hiyo inaisha akifa, au akiolewa tena ndani ya nyumba hiyo. Kwa hiyo mtu asije siku ya matanga kufunga mlango kwa kufuli. Tunayasema haya mbele ya wakubwa wa lokalite, ili nao wayasikie.

Muzee anaweza pia kuacha neno lake, yaani wosia. Kuna njia tatu. Anayejua kuandika anaweza kuandika wosia wote kwa mkono wake mwenyewe, aweke tarehe na sini. Asimwachie mtoto mmoja kumwandikia, maana wengine watasema ameuandika yeye. Asiyejua kuandika aende kwa notere au kwa afisa wa eta sivili, aseme maneno yake, yaandikwe pale. Njia ya tatu ni ya mdomo, kwa mtu anayeona kifo kiko karibu, mbele ya mashahidi wawili watu wazima au zaidi. Lakini hii ya tatu ina mipaka, haiwezi kubeba kila kitu. Ndiyo wengi mnaingoja, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Na mjue hili: wosia hauwezi kuwanyang'anya watoto fungu lao. Ukimkasirikia mtoto, mkemee ukiwa hai. Usitegemee karatasi ikulipizie.

Nne, shamba. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Watu wanapata haki ya kuutumia. Mwenye parseli mjini anaweza kupata setifika kwa konservateri wa vyeo vya ardhi, na setifika hiyo ikimaliza miaka miwili ni ngumu sana kushambuliwa. Kwa mashamba ya mila kama haya yetu, sheria ile ilisema amri ya Rais ingekuja kuyapangia, na kwa miaka mingi amri hiyo haikuja. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Kwa hiyo hatuko mikono mitupu.

Kazi inayowezekana hapa ni hii. Tunatembea mpaka pamoja na muzee, majirani wa pande zote, shefu na vijana. Tunachora ramani ndogo. Tunaandika mto, njia, jiwe, mti. Kila jirani anaweka sini au kidole. Shefu anaweka muhuri. Nakala moja kwa muzee, moja kwa shefu, moja kwa chama. Karatasi hiyo si setifika, tusidanganyane. Lakini siku ya ugomvi, mbele ya baraza au tribinali, inasema wakati muzee hawezi tena kusema.

Tano, kodi. Baba mmoja alitusimamisha hapa mwaka jana: "Mukituandikisha, Leta itajua mashamba yetu na kutulipisha." Hofu yake ina mzizi. Tujibu kwa ukweli. Mwenye parseli na nyumba mjini, kwa mfano wale walionunua Bunia walipokuwa wakimbizi, anadaiwa kodi ya nyumba na viwanja, na kodi hiyo inaenda kwa jimbo. Asipolipa, deni halizikwi naye. Warithi wanapokea mali pamoja na madeni yake. Lakini sheria ya kodi hiyo, ya tarehe 10 Februari 1969, inawakumbuka wazee na wajane: kwa masharti fulani wanaweza kuondolewa kodi ya nyumba wanayokaa. Msamaha huo haukujii nyumbani, unauomba. Njoo na kitambulisho chako na karatasi ya nyumba, tutakusaidia kuandika barua.

Na kila unapotoa feza, omba risiti. Mtu anayekuomba kodi na hataki kutoa risiti, feza hiyo haiendi kwa Leta. Weka risiti zote pamoja, ndani ya plastiki, si chini ya godoro ambalo panya wanalala.

Waliofanya kazi ya mshahara pia wasisahau. Kama ulifanya kazi kwenye kampuni, kwenye migodi ya Kilo-Moto au kwenye plantasio, na ulikatwa feza ya INSS, leo ofisi hiyo inaitwa CNSS, na umri wa kustaafu ni miaka 60, mwanamume na mwanamke sawa. Waliofanya kazi ya Leta wana kaisi yao, CNSSAP. Mume akifa, mjane na yatima wanaweza kudai sehemu yao, lakini wataulizwa karatasi ya ndoa na ya kuzaliwa. Mnaona? Tumerudi palepale.

Sita, afya. Hapa tutasema maneno machungu. Wengi mmezoea dawa za bure, zinazoletwa na mashirika. Ni nzuri, ziliokoa maisha. Lakini mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Ugonjwa wa presha na wa sukari hauna tarehe ya kumaliza. Tumeona mama anameza dawa za presha miezi sita, mradi unafungwa, anaacha, na baada ya muda mfupi anapooza upande mmoja. Kuhusu mpango wa Leta wa afya kwa wote, ulianza 2023 kwa akina mama wanaojifungua na watoto wachanga. Tunaufurahia. Lakini muzee wa Aveba asikae akiungoja.

Njia iliyo mikononi mwetu ni mituele. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inaipanga. Na si kitu kigeni kwa Kongo. Kule Bwamanda, upande wa Equateur ya zamani, watu walianza bima ya hospitali mwaka 1986. Walichangia wakati wa kuuza mavuno, feza ikiwa mkononi. Mgonjwa akilazwa, alilipa asilimia 20, na sanduku lililipa zilizobaki. Walifanya hivyo wakati wa Zaire, wakati feza ilikuwa ikianguka kila siku.

Sisi tunajua AVEC na likilimba. Mituele ni ndugu yao, ila ina kanuni zake. Inaingia nyumba nzima, siyo muzee mgonjwa peke yake, kwa sababu wagonjwa peke yao hawawezi kuchangiana. Kuna miezi ya kungoja kabla ya kuanza kutibiwa, ili mtu asije leo kuandikishwa na kesho kulazwa. Sanduku lina funguo zaidi ya moja na kitabu ambacho kila memba anaweza kukiona. Na kuna mapatano yaliyoandikwa na sentri ya afya ya hapa Aveba, na hospitali kuu ya Gety kwa wale wanaotumwa mbele. Bei ijulikane mbele, siyo siku ya homa.

Katiba yetu, kifungu cha 49, inasema mtu mzee ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tunaitaja ili mjue kwamba tunachofanya si huruma. Ni haki, hata kama njia ya kuifikia ni ndefu na ina matope.

Tunamaliza na mambo tuliyokubaliana na kamati. Kwanza, orodha yetu haitafuata tena nani alifika mezani wa kwanza. Itaanza na wajane na wazee wakubwa kwa umri, na wale wasioweza kutembea tutawafuata nyumbani. Pili, siku moja kila mwezi itakuwa ya kutembea mipaka, na pikipiki siku hiyo haitatumwa Bunia kwa kazi nyingine. Tatu, kabla ya mavuno yanayokuja, kila kundi la AVEC lijadili mchango wa mituele na kutuletea jibu, ndiyo au hapana, na sababu.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: mmetuuliza mara nyingi tunahitaji nini. Tunahitaji mafuta ya pikipiki, gharama za tribinali kwa watoto waliopita siku 90, fotokopi, na mtu anayejua sheria aje hapa mara kwa mara. Hakuna picha nzuri ya kupiga katika mambo haya. Kidole chenye wino kwenye karatasi hakionekani sana kwenye ripoti. Lakini ndicho kinachozuia ndugu wawili kushikana mapanga juu ya mtaro.

Na kwenu vijana: jioni hii, kaeni na muzee wa nyumba. Muulizeni mashahidi wa ndoa yake ni nani. Muulizeni shamba linaishia wapi. Andikeni, hata kwenye daftari la shule. Sisi tutakuja na fomu, na safari hii tutakuja kweli. Lakini msitungojee.